Je, serikali iwakataze wazazi kuvuta sigara nyumbani mbele ya watoto?

Mwezi uliopita, baada ya mafundisho ya wamama katika parokia yetu, mama mmoja alibaki kwenye benchi mpaka wenzake wote wakaondoka. Mgongoni alibeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mtoto huyo alikuwa anakohoa. Akaniuliza: "Mama mchungaji, nilisikia kwa redio kwamba kuna nchi ambako mzazi akivuta sigara karibu na mtoto analipishwa faini. Na kwetu je? Naweza kwenda kwa chefu wa mtaa?"

Kisha akaeleza. Mume wake ni mwimbaji wa kwaya. Alianza kuvuta sigara katika ujana wake, kabla ya kuokoka, na mpaka leo hajaweza kuacha. Kwa kuwa mzee mmoja wa kanisa anakaa upande wa pili wa ua, hathubutu kuvuta nje. Anangoja usiku, anafunga mlango na dirisha, anavuta ndani ya chumba ambamo watoto watatu wamelala. Yule wa mgongoni ametibiwa nimonia mara mbili. Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza kama kuna mtu anayevuta sigara nyumbani. Mama akajibu kwamba hakuna, maana muuguzi naye anasali kwetu.

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Niliomba pamoja naye, akaenda. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza watu wa afya na watu wa sheria, na ninaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walio katika hali kama yake.

Moshi unamfanya nini mtoto

Tuanze na jambo ambalo halina ubishi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kuleta kansa. Sehemu kubwa ya moshi huo haionekani kwa macho. Unaingia katika blanketi, nguo na godoro, na unabaki chumbani kwa masaa hata baada ya sigara kuzimwa. Mwaka 2006 mkuu wa afya ya umma wa Marekani alitoa ripoti kubwa iliyosema wazi kwamba hakuna kiasi cha moshi huo kisicho na hatari, na kwamba kufungua dirisha au kukaa upande mwingine wa chumba hakumkingi mtu kabisa.

Mtoto anaumia kuliko mtu mzima. Mapafu yake bado yanakua na njia zake za hewa ni nyembamba. Anapumua haraka kuliko baba yake, kwa hiyo anavuta hewa nyingi zaidi kwa kulinganisha na mwili wake. Tena hawezi kutoka. Mtu mzima akikerwa na moshi anasimama na kwenda zake, lakini mtoto mchanga anabaki pale alipolazwa. Ndiyo maana watoto wanaovutishwa moshi wanapata zaidi nimonia, pumu, magonjwa ya masikio, na wengine wachanga hufa ghafula usingizini. Mama mjamzito anayekaa katika moshi anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Watafiti waliofanya hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2004 walikuta kwamba watoto 40 kwa 100 walikuwa wanavutishwa moshi wa watu wengine. Walikadiria kwamba moshi huo uliua watu 603,000 wasiovuta wenyewe. Kati yao 165,000 walikuwa watoto wadogo waliokufa kwa magonjwa ya mapafu, na theluthi mbili ya watoto hao walikuwa wa Afrika na Asia ya Kusini. Mtoto wa Ulaya akishikwa na nimonia anafikishwa hospitali upesi. Wa kwetu mara nyingi anafika akiwa amechelewa.

Nchi nyingine zimefika wapi

Je, ni kweli alichosikia yule mama kwa redio? Ni kweli kwa sehemu. Nchi nyingi zimeanzia kwenye gari. Afrika ya Kusini, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2008, ilikataza kuvuta sigara ndani ya gari lenye mtoto wa chini ya miaka 12. Uingereza na Wales zilifanya hivyo tarehe 1 Oktoba 2015 kwa watoto wote wa chini ya miaka 18, na anayevunja sheria anaweza kutozwa faini. Scotland ilifuata Desemba 2016. Sheria ilisaidia: katika Uingereza, vijana wa miaka 13 hadi 15 waliosema kwamba wanavutishwa moshi mara kwa mara ndani ya gari walikuwa karibu 6 kwa 100 mwaka 2014, na mwaka 2016 walikuwa chini ya 2 kwa 100.

Kuingia ndani ya nyumba ni jambo lingine. Afrika ya Kusini iligusa tu nyumba ambamo watu wanalea watoto wa wengine kwa malipo au kuwafundisha. Marekani ilifika mbali zaidi. Tangu katikati ya mwaka 2018, katika nyumba za kupanga zinazomilikiwa na mashirika ya umma kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, ni marufuku kuvuta sigara hata ndani ya chumba chako mwenyewe. Lakini hapo pia polisi hahusiki. Katazo linaingizwa katika mkataba wa kupanga, na mwenye nyumba ndiye anayelisimamia. Tena sababu moja kubwa ilikuwa kwamba katika majumba hayo moshi wa mpangaji mmoja unapenya mpaka kwa jirani.

Kwa swali letu, mfano unaofundisha zaidi ni Scotland. Tarehe 26 Machi 2006 nchi hiyo ilikataza sigara katika sehemu za umma zilizofungwa: kazini, katika hoteli na katika baa. Nyumba hazikuguswa. Wengi waliogopa kwamba wavutaji watarudi kuvutia nyumbani na watoto wataumia zaidi. Haikuwa hivyo. Kabla ya sheria, idadi ya watoto waliolazwa hospitali kwa sababu ya pumu ilikuwa inapanda karibu 5 kwa 100 kila mwaka. Baada ya sheria ilianza kushuka karibu 18 kwa 100 kila mwaka. Wazazi waliozoea kutoka nje kazini walianza kutoka nje nyumbani pia.

Kisha mwaka 2014 serikali ya Scotland ikaanzisha kampeni ya kuwaomba wazazi wapeleke sigara nje kabisa ya nyumba. Lengo lilikuwa kupunguza watoto wanaovutishwa moshi nyumbani kutoka 12 kwa 100 hadi 6 kwa 100 ifikapo mwaka 2020. Lengo hilo lilifikiwa mwaka 2015, miaka mitano kabla ya wakati. Hakuna mzazi aliyefungwa wala kulipishwa faini kwa sigara ya nyumbani. Walielezwa jinsi moshi unavyobaki chumbani, wakaelewa, na wengi wakabadilika.

Sheria zetu zinasema nini

Katika nchi yetu, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina vifungu viwili vinavyofaa kusomwa pamoja. Kifungu cha 29 kinasema kwamba makao ya mtu hayaingiliwi ovyo: hakuna kuingia wala kupekua isipokuwa kwa namna na masharti ya sheria. Kifungu cha 41 kinampa mtoto haki ya kulindwa na familia, jamii na serikali, na kinawapa wazazi wajibu wa kumkinga na kila tendo la ukali, ndani ya nyumba na nje ya nyumba. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila uamuzi unaomhusu. Na mwaka 2005 Kongo iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku, unaozitaka nchi kuwalinda watu na moshi mahali pa kazi, katika usafiri wa umma na katika sehemu za umma zilizofungwa.

Kwa hiyo anayesema "nyumba yangu ni yangu, hakuna wa kuniuliza" hasemi kweli yote. Mlango unalindwa na Katiba, na mtoto aliye nyuma ya mlango huo analindwa na Katiba ileile.

Kwa nini siiombi serikali ipige marufuku ya nyumbani

Wanaotaka marufuku wana hoja nzito. Wanasema: kama sheria inamzuia mzazi kumpiga mtoto mpaka kumuumiza, kwa nini imruhusu kumuumiza kwa moshi? Na wanauliza kama haki ya mtoto inapungua kwa sababu anayemdhuru ni baba yake. Nimeitafakari hoja hii sana, na sioni namna ya kuikataa kwa upande wa haki. Mtoto ana haki ya hewa safi.

Shida ni namna ya kuitekeleza hapa kwetu. Nani atakayejua kwamba sigara imevutwa saa nne za usiku ndani ya nyumba ya mbao? Ni lazima mtu aingie au mtu ashitaki. Sote tunajua mtu mwenye bunduki akipata sababu ya kugonga mlango usiku. Familia itakayolipa si ile yenye moshi mwingi, ni ile isiyo na mtu wa kuitetea. Franga zitakazolipwa zitatoka katika chakula na dawa za mtoto yuleyule tuliyetaka kumlinda. Na mama akishitaki, baba watoto akilipishwa au kufungwa, nani atamlinda mama huyo siku baba atakaporudi?

Kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sisi watu wa kanisa moja kwa moja. Sisi tumekwisha jaribu marufuku.

Makanisa yetu mengi yanakataza tumbaku. Anayeonekana na sigara anatiwa chini ya nidhamu, anaondolewa katika kwaya au katika huduma, hashiriki Meza ya Bwana kwa muda. Nia ni njema: mwili ni hekalu la Roho. Lakini tazameni matokeo katika nyumba ya yule mama. Baba hakuacha sigara. Alichoacha ni kuvuta mahali tunapomwona. Anajificha kwa mzee wa kanisa, hajifichi kwa mtoto. Mama naye amejifunza kumdanganya muuguzi. Katazo letu lilitoa sigara uani, penye hewa, likaiingiza chumbani wanamolala watoto.

Sisemi kwamba kanisa liruhusu tumbaku. Ninasema kwamba adhabu inafanya kazi mahali watu wanapoonana, kama ndani ya gari au katika baa. Mahali pa siri adhabu inaongeza siri. Kama jicho la jirani na mzee wa kanisa halikuweza, faini ya serikali itaweza namna gani?

Torati ya Musa ina agizo moja linaloingia mpaka ndani ya nyumba ya mtu. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka sehemu ya juu, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi Mungu hakuona kwamba usalama wa nyumbani ni siri ya mwenye nyumba. Lakini agizo lenyewe linamwendea mjenzi, naye anaujenga ukuta kwa mikono yake. Ndivyo ninavyoliona jambo hili.

Serikali ina kazi yake, na tuiombe kwa sauti: isimamie katazo la sigara katika magari ya abiria, mashuleni na katika vituo vya afya. Ikataze sigara katika gari lolote lenye mtoto. Izuie butiki kuwauzia watoto sigara, hata ile moja moja. Iwafundishe wauguzi kuuliza kuhusu moshi kila mtoto anapopimwa uzito, na kuuliza bila kutisha. Kwa njia hii serikali inaingia nyumbani kupitia muuguzi, na mama hana sababu ya kumficha ukweli.

Nakubali kwamba njia hii ina gharama. Wako wazazi ambao hawatabadilika bila adhabu, na watoto wao watabaki katika moshi. Hilo linaniumiza. Lakini sioni kwamba askari mlangoni angewaokoa.

Na moshi wa mbabula je?

Ndugu mmoja aliponisikia nikizungumza haya alicheka. Akasema: "Mama, wake zetu wanapika na makala na kuni kila siku. Sigara moja ni nini?"

Swali lake ni la haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia nyumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ni jambo kubwa, na kila anayeweza apikie nje au chini ya kibanda chenye nafasi, na mtoto asibebwe mgongoni jikoni. Tena mbabula yenye moto isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala ili kupasha joto, maana hewa yake inaua watu usingizini.

Lakini moshi mmoja hauufuti mwingine. Mapafu ya mtoto yanapokea yote miwili. Tofauti ni kwamba mama anawasha moto kwa sababu watoto lazima wale, wala hana gesi wala umeme wa kutosha. Sigara haimlishi mtu. Ule moshi ambao tunaweza kuutoa leo bila kununua kitu, tuutoe leo.

Tufanye nini

Kwanza, tutenganishe mambo mawili. Kuacha sigara ni safari, maana nikotini inaufunga mwili. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi, kisha hamu inapungua polepole, na mara nyingi ikija inapita baada ya dakika chache. Wengi wanaanguka mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa. Lakini kutovuta ndani ya nyumba kunaweza kuanza usiku wa leo. Baba asiyeweza bado lile la kwanza anaweza hili la pili.

Pili, tukubali hali yetu. Katika mitaa yetu mingi, mlango ukifungwa usiku haufunguliwi, kwa sababu ya usalama. Hatuwezi kumwambia mtu atoke nje saa tano za usiku. Basi sigara ya mwisho iwe kabla ya mlango kufungwa, na baada ya hapo hakuna mpaka asubuhi. Walio katika hema au nyumba ya chumba kimoja wanahitaji kanuni hii kuliko wengine wote, maana kwao hakuna chumba cha pili.

Tatu, tusiwatume watoto kununua sigara wala kuiwasha. Mtoto anayejua bei ya sigara akiwa na miaka saba ataijua ladha yake akiwa na kumi na tano.

Nne, wageni na wazee. Si rahisi kumkataza babu kiko chake. Lakini mtu anaweza kusema kwa heshima: "Babu, tumekuwekea kiti chini ya mti wa avoka, mtoto ana kifua." Sijaona babu aliyekasirika kwa kuandaliwa kiti.

Tano, na hili ninawaelekezea wazee wa kanisa na wachungaji wenzangu. Mkristo anayekuja mwenyewe kusema "ninavuta, ninataka kuacha, nisaidieni", tumpokee namna gani? Kama jibu letu la kwanza ni kumwondoa katika kwaya, tujue kwamba wengine kumi wamesikia, na usiku huo watafunga madirisha yao vizuri zaidi. Naomba vikao vyetu vifikirie kumwacha katika huduma mtu anayepigana vita hii kwa uwazi, na kumpa ndugu mmoja wa kumtembelea kila wiki. Paulo, alipoona kwamba chakula chake kinaweza kumwangusha ndugu aliye dhaifu, alikuwa tayari kukiacha ingawa alikuwa na haki ya kukila. Nasi tuwe tayari kulegeza heshima ya nidhamu yetu, kama hiyo ndiyo inayomfungia mtoto katika moshi.

Nilirudi kwa yule mama. Nilimwambia kwamba kwetu asiende kwa chefu wa mtaa kwa jambo hili, ila arudi kwa muuguzi na kumwambia kweli kwa ajili ya mtoto. Nilimwambia pia amwombe mume wake jambo moja tu: sigara isiwashwe baada ya mlango kufungwa.

Wiki tatu baadaye mume alikuja mwenyewe. Hakuuliza kuhusu serikali wala sheria. Aliniuliza kama akijieleza mbele ya wazee ataondolewa katika kwaya. Nilimjibu kwamba siwezi kusema kwa niaba yao, ila nitakwenda pamoja naye na kuketi upande wake.

Kikao ni Jumamosi hii. Mtuombee.